Wazee Tuliowaacha Chumbani

Dirisha la tiketi la makumbusho liko chini mno, ukitaka kusemezana na binti aliyekaa ndani lazima uiname. Nina miaka sabini na minne na mgongo wangu haupendi mambo hayo, lakini nikainama, nikaomba tiketi tatu za kuingia nyumbani.

"Mtu mzima bahti arobaini," binti akasema. "Wenye miaka sitini kwenda juu ni bure, wakionyesha kitambulisho."

Mke wangu, Buatip, akatoa chake kwenye kipochi. Mimi nikapapasa mfuko wa kushoto, nikapapasa wa kulia. Kitambulisho kilikuwa nyumbani, kwenye shati la jana.

"Basi babu atalipa arobaini."

"Mwangalie usoni," Buatip akamwambia. "Huyo unamwona ana hamsini?"

"Ni utaratibu, bibi."

"Haya, lipa," Buatip akaniambia bila kugeuka. "Si ndiyo kawaida yako kulipa ndipo uingie nyumba hii."

Mjukuu wetu Namoi, aliyetuendesha kwa pikapu yake kutoka kijijini, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hadithi hiyo anaijua tangu mdogo. Binti wa tiketi hakuijua, akanikatia karatasi yangu, akamwangalia Buatip kinywani.

"Na bibi, samahani. Ndani hairuhusiwi kutafuna."

Buatip alikuwa na tonge la majani ya chai yaliyochachushwa, kama mwanamke yeyote wa umri wake huku kaskazini. Bila hilo kinywani anajiona kama yuko uchi. Akalitema kwenye karatasi aliyopewa, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kipochi pamoja na kitambulisho. Mimi ningependa angebishana.

Namoi akabeba kapu. Kapu lilikuwa limefunikwa kitambaa, na chini ya kitambaa, kwenye sufuria, kulikuwa na kuku wawili wa kuchemsha, wazima na vichwa vyao.

*

Sasa niwaambie tulifuata nini, maana mtu hapandi gari saa nzima na kuku wawili kwenda kuangalia vyungu vya zamani.

Harusi ya Namoi ilikuwa imebaki siku nane. Kwetu binti haolewi mpaka wazee wa ukoo wa mama yake waambiwe. Nasema wazee, nasema waliokufa. Wanakaa chumba cha kulala, kwenye rafu ndogo ya ukuta wa mashariki, juu ya vichwa vya wanaolala. Bwana harusi anakuja na sinia, maua, mishumaa, na pesa kidogo, anajitambulisha. Baada ya hapo ni mkwe, anaweza kuvuka kizingiti cha chumba. Asipojitambulisha, mtu wa nyumba ataugua, au mimba itaharibika, au watoto watakuwa wanalia bila sababu. Nimeona. Wengine wanasema ni mbu. Mimi sikusoma, madarasa manne tu, sibishani na mbu wala na wazee.

Buatip alikuwa ameota ndoto moja mara tatu. Mama yake amesimama chini ya ngazi na mtungi wa maji, anaangalia juu, hapandi. Akaenda kwa yule mama wa kijijini anayesoma mchele. Yule mama akahesabu punje zake, akamwambia, "Rafu yako haina mtu. Wazee wako hawakuhama. Bado wako kwenye nyumba ya mbao."

Nyumba ya mbao tuliiuza miaka ishirini na miwili iliyopita, Buatip alipopata uvimbe tumboni. Walikuja watu wa mjini wanaokusanya nyumba za zamani, wakaifungua ubao kwa ubao, kila ubao wakaupiga namba kwa chaki, wakaipakia kwenye lori. Bahti laki moja na elfu themanini. Hospitali ikala karibu yote, iliyobaki tukajenga vyumba viwili vya matofali na bati, na rafu mpya.

"Baba Wan," Buatip aliniuliza alipotoka kwa mama wa mchele. Ananiita kwa jina la binti yetu Wan, mama yake Namoi, ambaye yuko kiwandani Taiwan. "Mimi siku ile nilikuwa hospitali. Wewe si uliwaita wazee?"

"Niliwaita," nikasema.

Hilo neno mlishike, tutalirudia.

"Basi hawakukusikia," akasema. "Siwezi kumwoza mtoto mbele ya ubao mtupu. Tutakwenda kuwachukua. Wasipokubali kuja, harusi haipo."

Na upande wa mwanamume walikuwa wameshakodi basi zima kutoka Phichit, na nguruwe wawili tulikuwa tumeshawalipia.

*

Nyumba ilikuwa nyuma ya miti, na kwanza niliona mabati, maana paa ni la vigae vya mbao lakini walikuwa wameongeza bati nyuma, penye vyoo vya wageni. Zile pembe mbili za paa, zilizopishana juu kama mikono ya mtu anayezuia jua, zilikuwa zimepakwa mafuta. Enzi zetu zilikuwa za kijivu na kunguru wakikaa hapo. Sasa zinang'aa. Ni kama kukutana na rafiki wa jeshini, amepaka nywele rangi.

Pembeni ya ngazi kulikuwa na kile kibanda kidogo cha mtungi wa maji. Mtungi haukuwa wetu. Ndani yake palikuwa na maua ya plastiki, na kibao kimeandikwa kwamba wenyeji wa kale walikuwa wakiwawekea wapita njia maji ya kunywa.

"Wa kale," Buatip akasema. "Mimi niliujaza wetu hapa mpaka mwaka aliozaliwa Namoi na minne juu yake."

"Bibi, wewe ni wa kale," Namoi akasema.

"Vua viatu, upande ngazi."

Vidato saba. Mguu wangu ulijua cha nne kinalia, na kikalia. Hapo nikashika mkono wa ngazi kidogo, nikasingizia goti.

Kule juu kwenye baraza walikuwepo wasichana wawili wa Bangkok wamekodi sketi za kikwetu, wanapigana picha. Sketi zilikuwa juu chini, mapindo ya chini yamekaa kiunoni. Buatip aliwaangalia muda. Mwisho akamwendea mmoja, akamgusa bega, akamwambia taratibu, "Mwanangu, umevaa kichwa chini miguu juu." Akamsaidia kugeuza pale pale, yule msichana akiwa na kaptura ndani, wakacheka wote. Baadaye Buatip akaenda kukaa mahali pake, kwenye ubao wa ukingo karibu na nguzo, ambapo alikaa kila jioni ya usichana wake akisokota pamba.

Kijana mmoja mlinzi akaja mbio. "Bibi, hapo hapakaliwi. Ni kitu cha maonyesho."

Buatip akanyanyuka. Hakufanya haraka, na hakumwangalia. Alikuwa anauangalia ubao, ulivyo na bonde pale alipokuwa amekaa. Lile bonde hakulichonga fundi.

Namoi akakunja uso, akataka kumjibu yule mlinzi, nikamvuta. Nikamwonyesha nafasi kati ya mbao mbili za sakafu, upana wa kidole. "Hapa," nikamwambia.

"Hapa ndipo, babu?"

"Hapa hapa. Mimi niko chini ya sakafu, kwenye nguzo, na nyati wao wa kulimia, nimeshika kijiti. Napenyeza kijiti, namgusa bibi yako unyayo. Akirudisha mguu, hanitaki. Akiuacha, nipande niongee naye. Aliuacha. Lakini siku moja niligusa unyayo mwingine, mgumu kidogo, ukaachwa tu, nikapanda nimechana nywele. Alikuwa bibi yake."

"Na kizingiti?"

"Hilo alianzisha mbwa."

"Mbwa gani," Buatip akasema kutoka kwenye nguzo. "Nyumba hii haijawahi kuwa na mbwa."

Kweli haikuwa na mbwa. Nilikuwa kijana, jioni, nimekaa barazani, yeye akaingia chumbani kuchukua pamba, na mguu wangu wa kulia ukavuka kizingiti. Mmoja tu. Bibi yake akauona. Kwetu mgeni akivuka pale amewakosea wazee wa nyumba, lazima alipe, na akishalipa, jamani, ndiyo hivyo ameoa. Nililipa bahti kumi na mbili. Watu wengi wanasema nilifanya makusudi. Wako sahihi.

*

Chumbani mlangoni walikuwa wameweka kamba nyekundu.

Juu ya mlango ule ubao wa kuchonga ulikuwa bado upo. Urefu wake ni nyayo nne za babu yake Buatip, hupimwa kwa mguu wa mwenye nyumba, si kwa rula. Ndani, ukuta wa mashariki, rafu ipo. Wameweka juu yake kikombe kitupu na taa ndogo ya umeme ya kumulika. Buatip akakunja mikono kifuani, akainamisha kichwa. Midomo yake ikatikisika. Halafu akamwambia Namoi afungue kapu.

Yule kijana mlinzi alipoona vichwa vya kuku akaenda kumwita mkubwa.

Mkubwa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, shati la buluu la pamba la wakulima, limepigwa pasi. Anaitwa Orathai. Alitusikiliza vizuri. Nikiri, alitusikiliza vizuri kuliko daktari yeyote.

"Bibi, naelewa," akasema. "Lakini chakula ndani ya jengo hakiruhusiwi. Sisimizi. Na moto kabisa hauruhusiwi, hii ni mbao kavu ya miaka mia. Ibada yoyote inaombewa barua siku kumi na nne kabla."

"Harusi ni baada ya siku nane," Namoi akasema.

"Naweza kuwapa fomu."

"Dada," Buatip akasema. Hakupandisha sauti. "Nilizaliwa chumba hicho. Nilimzaa Wan chumba hicho, nikakaa siku thelathini karibu na moto, moto wa kuni, kwenye mbao hizo hizo, na hazikuungua. Mama yangu alikufa hapo chini ya ile taa yenu. Mimi sitaki nyumba. Nyumba nimekula hela yake. Nataka watu wangu tu."

Orathai akaitazama rafu. Akamtazama kuku.

"Umetoka upande gani, ukoo wenu?"

"Bonde la mto Li."

"Bibi yangu ni wa huko." Akaangalia saa. "Saa sita tunafunga huu upande nusu saa, wafanyakazi wapate chakula. Saa sita na nusu kuna kundi la wageni hamsini. Mimi nitakuwa ofisini nakula, sijaona kitu. Kuku asitoke kwenye sufuria. Moto hapana, hapo siwezi kabisa." Akaingia ofisini, akarudi na mishumaa miwili ya plastiki, ile ya betri wanayoweka hekaluni siku hizi. Akabonyeza chini, ikawaka, ikatetemeka kama ya kweli.

Buatip aliigeuza mkononi.

"Wazee watanicheka," akasema.

"Waache wacheke, bibi," Orathai akasema. "Wakicheka si ndiyo watakuja."

*

Ilipofika saa sita kamba ikafunguliwa. Buatip na Namoi wakaingia, ni watu wa damu. Mimi nikabaki nje ya kizingiti. Naruhusiwa kuingia, nilishalipa, lakini miguu haikutaka.

Buatip akapanga vitu chini ya rafu. Kuku kwenye sufuria, kifuniko kimepinduliwa kidogo harufu itoke. Wali wa kunata kwenye kikapu chake. Pombe ya mchele, kikombe kimoja. Maua. Mishumaa ya betri. Na bakuli la mchele mbichi wa kuulizia.

Akaanza kuwaita. Aliwaita kwa majina, kuanzia bibi wa bibi yake. Alikuwa anaongea nao kama anavyoongea na majirani kwenye uzio. Akawaambia Namoi anaolewa, mume anaitwa Krit, ni fundi wa viyoyozi, haongei sana, halewi ila sikukuu. Akawaambia nyumba mpya ni ndogo na ina joto, lakini kuna feni. Akawaambia twendeni. Halafu akachota punje za mchele kwa ncha za vidole, akazimwaga kwenye kifuniko cha kikapu cha wali, akahesabu mbili mbili. Zikiisha jozi, wamekubali. Ikibaki moja, wamekataa.

Ikabaki moja.

"Hawajala bado," Namoi akasema. "Subiri, bibi."

Tukasubiri. Wakati wa kusubiri niliangalia nguzo ya pembeni, nikaona alama zangu za kisu, urefu wa Wan akiwa na miaka mitatu, minne, sita. Mwaka wa tano sikupima, nilikuwa nakata miwa kusini. Wameziwekea kibao kidogo: alama za mapambo.

Buatip akachota tena. Ikabaki moja.

Akamimina kikombe cha pili cha pombe. Akasema, "Mama, nimekosa nini? Kama nimekosa, niambie." Akachota mara ya tatu, akahesabu polepole, kidole kinasukuma punje. Mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili, na ile moja.

Mara tatu ni basi. Kwetu huulizi mara ya nne kama hakuna kilichobadilika. Nje nilisikia basi la wageni linarudi nyuma, lile linalolia pii, pii.

Buatip akaanza kufunika sufuria. "Mpigie Krit," akamwambia Namoi. "Mwambie awaambie wazazi wake."

"Bibi, nimwambie nini?"

"Mwambie wazee hawataki."

Namoi alikuwa ameshika simu. Hakulia. Alikuwa anaikwaruza simu pembeni kwa ukucha, kama alivyokuwa akifanya na dawati lake shule. Hapo ndipo niliposhindwa.

"Sikuwaita," nikasema.

Buatip hakugeuka. "Umesema nini?"

"Siku ile. Sikuwaita. Niliwaambia wabaki."

Akageuka.

"Lori lilikuja siku mbili kabla ya siku tuliyokubaliana," nikasema. "Wewe wamekufungua tumbo, daktari ananiambia tusubiri, tusubiri nini hasemi. Nimerudi kuchukua nguo zako, nakuta mafundi wako juu wanang'oa vigae. Nikaingia humu. Sina sinia, sina ua, nina chupa ya pombe tu. Na hata ningekuwa navyo, mimi ni mkwe tu, mdomo wangu una uzito gani kwao. Nikawaangalia pale juu. Nikawaambia, nyie mmekula kuku wa huyu mwanamke maisha yake yote, na mmemwacha anaoza tumbo. Basi kaeni na mbao zenu. Mke wangu nitamtunza mwenyewe."

Mshumaa mmoja wa betri ulizimika, Namoi akaupiga piga ukawaka.

"Kwa hiyo miaka ishirini na miwili," Buatip akasema, "wali wangu unaliwa na nani?"

"Mijusi."

"Nilikuwa nashangaa wale mijusi walivyonenepa."

Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Wan alipokatwa vidole na mashine," akasema, "nilipiga magoti pale siku tatu. Naongea na ubao. Wewe umelala nyuma yangu unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

"Na hukusema."

"Niliogopa."

"Unamwogopa nani, wao au mimi?"

"Wewe."

Akanitazama. Miaka arobaini na nane tumekaa, na sura ile sikuwa nimewahi kuiona. Halafu akasogea pembeni, akanionyesha mahali chini ya rafu.

"Usiniambie mimi sasa. Waambie wao. Wewe ndiye uliyewafungia."

Nikavuka kizingiti. Nikapiga magoti, na magoti yangu mnayajua. Sikuwa na maneno mazuri. Nikasema, wazee, ni Noi Paeng, yule aliyevuka kizingiti kwa mguu mmoja. Niliwatukana. Nilikuwa naogopa atakufa, na mtu akiogopa hutafuta wa kumpiga, na nyie mlikuwa karibu. Hakufa. Sijui kama mlimsaidia na hali nimewatukana, au ni daktari. Kama ni nyie, sikuwahi kusema ahsante. Sasa amezeeka, anawaota usiku, na ana mjukuu wa kuozesha. Neno langu la siku ile nalirudisha. Twendeni nyumbani. Mkitaka nitalala jikoni.

Buatip akasema, "Jikoni kuna mijusi."

Akachota mchele. Namoi akahesabu naye kwa sauti ndogo. Mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita. Kifuniko kikabaki kitupu. Akapitisha kidole ukingoni, labda kuna punje imejificha. Haikuwepo.

*

Tulitoka wageni hamsini wakipanda. Buatip alikuwa amelibeba kapu mwenyewe, maua juu, kitambaa juu ya maua, na alikuwa anawaambia wazee njia. "Ngazi hii mnaijua, saba. Hapa pana jiwe. Hapa wamemwaga zege, msishangae." Wageni wakatupisha.

Getini mlinzi mzee akatuzuia. Sio yule kijana, mwingine. Wanakagua mizigo inayotoka, watu wasiibe vijiko vya kale.

"Mama, ndani ya kapu kuna nini?"

"Mama yangu," Buatip akasema.

Mlinzi akaangalia maua. Akaangalia mishumaa ya betri, ambayo tulisahau kuirudisha. Huyu alikuwa mtu wa huku huku, niliona kwenye mikono, mikono ya mpunga. Akavua kofia, akakunja mikono kifuani, akafungua geti lote, lile la magari.

Kwenye pikapu kapu lilikaa mbele, karibu na Namoi, na mkanda wakalifunga. Buatip akakaa kiti cha nyuma. Mimi nikapanda nyuma kabisa, kwenye bodi, na upepo. Hakuna aliyeniambia nikae huko. Niliangalia zile pembe za paa mpaka miti ikazificha. Nilidhani nitaumia. Lakini ilionekana ni nyumba tu, ya mbao nzuri, kama jino lililong'oka, unalishika mkononi na halikuumi tena.

*

Nyumbani Buatip akafukuza mijusi kwanza, kwa fagio. Akafuta rafu. Akaweka maua, kikombe, wali wa moto, na akawasha mshumaa wa kweli. Akarudisha tonge lake la chai kinywani, jipya, la mtungini, na uso wake ukarudi kuwa uso wake.

Akawakaribisha. Akawaonyesha feni. Akamtambulisha Namoi, akawaambia wiki ijayo kijana atakuja na sinia lake, wampokee. Baadaye akaniangalia, nimesimama nje ya mlango.

"Na huyu," akawaambia, "aliingia kwa mguu, akawafungia kwa mdomo. Anataka kuingia tena."

Nikainua mguu.

"Sinia lako liko wapi?" akasema.

"Buatip, nina miaka sabini na minne."

"Sikukuuliza miaka. Kwenye tiketi walikuuliza kitambulisho, mimi nakuuliza sinia."

Namoi alishakaa chini kwa kicheko. Nikaenda uani nikakata maua ya manjano kwenye uzio, nikatafuta sinia la bati, nikatoa sarafu mfukoni. Bahti kumi na mbili, zilikuwepo kamili. Nikarudi, nikapiga magoti nje ya kizingiti cha saruji kama kijana, nikalisukuma ndani.

Buatip akachota mchele, akauweka kwenye kiganja, akahesabu. Mimi pale chini nilikuwa karibu na mkono wake kuliko mtu yeyote. Mbili, nne, sita, nane, kumi. Ikabaki moja.

Aliiangalia ile punje kidogo. Akaichukua kwa vidole viwili, akaitia kinywani pamoja na chai yake.

Namoi alikuwa anasogeza mshumaa, hakuona.

"Jozi," Buatip akasema, na akaendelea kutafuna.